Namna ya kukiona kisiwa mahame cha Gunkanjima ukiwa nchi kavu

Mara ya kwanza nililipa boti, nikatapika, sikushuka kisiwani. Mara ya pili nililipa boti, sikutapika, lakini sikushuka vilevile. Mara ya tatu nikapanda basi, na tangu siku hiyo sijawahi kumshauri mtu aanze na boti.

Nilikaa Nagasaki miaka miwili nikisomea afya ya jamii. Usishangae mtoto wa Shimoni, pwani ya Kenya, kufika huko kusini-magharibi mwa Japani: Chuo Kikuu cha Nagasaki kina kituo cha utafiti Nairobi, na watafiti wake wamezunguka Kwale na Mbita wakifuatilia kichocho na malaria. Mimi nilianza kwa kuwabebea masanduku ya sampuli, nikaishia kwenye darasa lao. Wikendi nilikuwa na uhuru, sina pesa, na kila ukuta wa stesheni ulikuwa na picha ya kisiwa kimoja cha zege kilichosimama baharini kama meli ya vita.

Boti huondoka bandarini kila siku bahari ikiruhusu. Tatizo ni hilo neno, kuruhusu. Kanuni za jiji zinakataza abiria kushuka ikiwa mawimbi yamezidi nusu mita, au upepo umezidi mita 5 kwa sekunde, au ukungu umefanya usione mbele zaidi ya mita 500. Sisi tuliokulia kando ya mlango wa bahari wa Wasini, nusu mita hatuiiti wimbi, tunaiita maji yanapumua. Lakini kanuni ni kanuni. Boti inakizunguka kisiwa, nahodha anaomba radhi kwa adabu kubwa, mnarudi mjini. Ukiwa na siku moja tu Nagasaki, hiyo ni kamari. Nchi kavu haina kamari hiyo, wala haikudai nauli zaidi ya ya basi.

Kwanza ujue unatazama nini

Jina lake halisi ni Hashima. Gunkanjima ni jina la utani, yaani kisiwa manowari. Watu walikilinganisha na Tosa, manowari iliyokuwa ikiundwa Nagasaki na kushushwa majini mwaka 1921. Kina urefu wa mita 480 na upana wa mita 160, ukubwa wake hekta 6.3. Kwa hesabu ya mashamba yetu hizo ni ekari 15 na kitu. Na sehemu kubwa ya hizo ekari si ya asili, ni kifusi cha mgodi kilichomwagwa baharini na kuzungushiwa ukuta. Chini ya sakafu ya bahari kulikuwa na makaa ya mawe. Mitsubishi walikinunua mwaka 1890, wakachimba kwenda chini na kujenga kwenda juu, mpaka mwaka 1959 wakawa watu 5,259 katika hizo ekari 15. Mafuta yalipochukua nafasi ya makaa, mgodi ukafungwa Januari 1974, na ilipofika tarehe 20 Aprili mwaka huohuo hakukuwa na mkazi hata mmoja. Kwetu mahali kama hapo panaitwa mahame. Tofauti ni kwamba mahame yetu ya pwani yamemezwa na mibuyu, na haya yamebaki uchi.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyeniambia kabla sijaenda, na ndilo litakalokusaidia kuelewa unachokiona. Nyumba za wakazi zilipangwa zaidi upande wa magharibi, unaoelekea bahari kuu, ili ndizo zipigwe na mawimbi na kuukinga mgodi. Mgodi wenyewe ulikaa upande wa mashariki, unaoelekea bara. Kwa hiyo ukisimama nchi kavu unakitazama kisiwa kutoka uani. Unaona mahali pa kazi, pa majasho na vumbi. Zile picha za maghorofa yaliyobanana kama meno hupigwa na walio kwenye boti, upande wa pili. Usije ukasimama ufukoni ukalalamika kwamba umeonyeshwa kisiwa kingine.

Na kweli kuna watu wanatazama kisiwa kingine! Ukiwa Takahama, ufuo wa nchi kavu nitakaoueleza hapa chini, mbele yako kuna visiwa vitatu. Cha kulia zaidi, kikubwa na chenye miti, ni Takashima; hicho kina wakazi mpaka leo, ingawa mgodi wake nao ulifungwa mwaka 1986. Cha katikati ni mwamba mdogo uitwao Nakanoshima. Hapo ndipo watu wa Hashima walipopeleka maiti zao kuchomwa na kuzikwa, maana kwao hapakuwa na nafasi hata ya kaburi. Cha kushoto, kisicho na umbo la kisiwa bali la jengo, ndicho chako. Mwenzangu mmoja wa darasani, Mghana, alirudi na picha arobaini za Takashima, nzuri sana.

Takahama, ukiwa na nafasi ya kwenda mahali pamoja tu

Takahama ni ufuo wa mchanga kwenye rasi ya Nagasaki, kilomita 25 hivi kusini mwa mjini, kando ya barabara ya taifa namba 499. Kutoka hapo hadi kisiwani ni chini kidogo ya kilomita 5 za maji, na unakiona kwa ubavu, urefu wake wote. Nyoosha mkono wako mbele, inua vidole vitatu vya katikati vikiwa vimeshikana: kisiwa kinajificha nyuma ya hivyo vidole, kinatokeza kidogo tu. Kwa hiyo usitarajie kitakujaa machoni. Kwa macho matupu utaona manowari. Kwa darubini utaona mji.

Anza kulia, yaani kaskazini. Jengo refu lililolala mwisho wa kisiwa ni namba 70, shule ya msingi na ya kati, ya mwaka 1958. Nyuma yake linachungulia namba 65, ghorofa 9, kubwa kuliko yote kisiwani. Kisha panda na darubini hadi kwenye uti wa mgongo, ule mwamba wa katikati: juu yake kuna jengo namba 3, la wakubwa wa mgodi. Wakubwa walikaa juu kwenye hewa, wachimbaji chini kwenye chumvi. Hilo halihitaji kalimani. Karibu na hapo utaona mnara mweupe. Huo si wa enzi za mgodi, nitaurudia baadaye. Shuka tena hadi usawa wa maji, tembea kushoto polepole, utakuta safu ya nguzo za zege zilizosimama bila kubeba kitu. Zilikuwa zimebeba mkanda wa kusafirishia makaa. Mimi zilinichukua ziara tatu kuzitambua. Nilidhani ni mabaki ya ukuta.

Jengo maarufu kuliko yote, namba 30, la mwaka 1916, ghorofa 7, ndilo jengo kubwa la kwanza la nyumba za zege lenye nondo nchini Japani. Liko upande wa kusini-magharibi, kwa hiyo usipoteze muda kulitafuta ukiwa Takahama. Mwaka 2020 sehemu ya kuta zake iliporomoka. Anayetaka kuliona asingoje sana.

Si mbali na ufuo, kando ya barabara hiyohiyo, kuna mawe mawili yaliyosimama baharini yanaitwa Meoto-iwa, mume na mke, yamefungwa kamba nene ya majani ya mpunga. Wapiga picha hukipanga kisiwa katikati ya hayo mawe. Ni picha nzuri mara moja. Wakiwa watu kumi na miguu ya kamera imesimama kama msitu, mimi huendelea na safari.

Kusini zaidi

Ukiwa na gari, shuka na 499 hadi Nomozaki, karibu na ncha ya rasi. Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, hilo halitakusumbua. Kitakachokusumbua ni kona. Usisimame kwenye kona kwa sababu kisiwa kimetokeza ghafla. Kitatokeza tena, na sehemu za kuegesha zipo.

Nomozaki kuna bustani yenye jumba la makumbusho ya dainosaria, lililofunguliwa mwaka 2021, na kando yake jumba dogo la kumbukumbu za Gunkanjima. Ingia hilo dogo kabla ya kutazama nje. Picha za zamani zitakupa majina ya vitu, na darubini yako itakuwa na kazi ya maana. Kilima cha hapo hupandwa narisi, maua meupe yanayochanua kuanzia Disemba hadi Januari katikati ya baridi kali. Harufu yake inakaribia ya asumini, na mimi niliyekuwa sijaenda nyumbani mwaka mzima ilinifanya nikae chini kwanza. Kutoka hapa unakitazama kisiwa kutoka kusini, hivyo kinaonekana kifupi na kirefu kwenda juu, umbo la manowari linapotea. Faida yake ni kwamba upande huu ndipo una nafasi ya kukutana na namba 30.

Kuna pia kilima cha Gongenyama, mita 198, chenye mnara wa kutazamia na mikamelia mingi. Kisiwa kiko mbali zaidi kutoka hapo. Nenda kwa ajili ya bahari pande zote, si kwa ajili ya Gunkanjima.

Saa na majira

Kumbuka uko mashariki mwa kisiwa. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na linapiga ukuta unaoutazama: madirisha yanaonekana, nyufa zinaonekana, hata rangi ya kutu. Jioni jua liko mbele yako, kisiwa kinakuwa kivuli cheusi. Anayetaka kuelewa aende asubuhi. Anayetaka picha ya kutumia watu aende jioni. Wengi hukosea hapo, wanafika saa kumi alasiri na darubini ya bei mbaya, wanaona weusi.

Kuhusu jua kuzama nyuma ya kisiwa, watu huuliza sana. Ukiwa Takahama, majira ya baridi linazama mbali kushoto kwake. Kadiri kiangazi kinavyokaribia linasogea kulia, linakifikia, kisha linakipita. Angalia siku mbili mfululizo kabla, ukadirie mwenyewe.

Mchana wa kiangazi usijisumbue. Joto linapanda kutoka majini na kila kitu kwenye darubini kinacheza kama kimewekwa juu ya moshi wa jiko. Juni na Julai ni masika yao. Kati ya Machi na Mei huja vumbi la manjano kutoka bara la Asia, anga inakuwa kama maziwa, na kisiwa kinaweza kutoweka kabisa siku isiyo na wingu hata moja. Siku bora ni ile inayofuata mvua, hasa kuanzia Oktoba hadi Februari. Ni baridi, upepo wa bahari unakata masikio. Vaa nguo mbili zaidi ya unavyodhani unahitaji, na glavu ambazo vidole vinaweza kuzungushia darubini.

Vifaa na basi

Darubini ya mara 8 au 10 inatosha. Kubwa kuliko hiyo itatikisika mkononi bila stendi. Kama huna, kamera yenye lenzi ya milimita 300 na kuendelea inafanya kazi ya darubini. Simu haitoshi, hata ukikuza. Utapata bisikuti iliyolowa. Mimi sikuwa na stendi, nilikuwa naegemeza viwiko juu ya mkoba kwenye ukuta wa ufuo, na nikivuta pumzi nazuia, kama mtu anayesoma hadubini maabara.

Basi hutoka mitaa ya stesheni ya Nagasaki kuelekea kusini mwa rasi. Muulize dereva neno moja tu, “Takahama?”, kwa sababu mengine huishia njiani. Unapanda mlango wa katikati, unachukua kijikaratasi chenye namba. Mbele juu ya dereva kuna ubao wenye namba na nauli zinazobadilika basi linavyosonga. Ukishuka, unatazama nauli iliyo chini ya namba yako, unatumbukiza pesa kisandukuni mlango wa mbele. Hakuna kondakta, hakuna anayekupigia kelele. Siku yangu ya kwanza nilikipoteza kile kijikaratasi, nikabaki nimesimama mlangoni basi zima likinisubiri kwa ukimya, nikatamani makanga wa matatu aje anitukane yaishe. Safari ni zaidi ya saa moja. Piga picha ratiba ya kurudi kabla hujavuka barabara kwenda ufuoni, kwa sababu jioni mabasi ni machache na teksi huko si za kupungia mkono.

Beba chakula, lakini usikile ufuoni mkono ukiwa juu. Mwewe wa Nagasaki ni wezi wenye elimu. Nilikuwa nimeshika donge la wali lililofungwa mwani, jicho liko kwenye darubini, nikasikia upepo tu karibu na sikio. Kilichobaki mkononi ni karatasi. Kunguru wa Mombasa angalau hukuangalia kwanza.

Ukiwa pale, tazama na maji

Watu hutazama kisiwa na kusahau mlango wa bahari ulio kati. Kisiwa kile hakikuwa na maji ya kunywa. Yalipelekwa kwa meli, na bahari ikichafuka wakazi walihesabu ndoo, mpaka mwaka 1957 ulipolazwa bomba chini ya bahari kutoka upande huu wa bara. Hata udongo wa bustani walizolima juu ya mapaa ulitoka huku. Mtu wa visiwani kwetu ataelewa bila kuelezwa. Mtungi ukichelewa kutoka ng'ambo, hakuna anayeangalia mandhari.

Na kuna waliotamani kuvuka kuja huku wakakataliwa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wakorea na Wachina waliletwa kisiwani kwa lazima na kushushwa kwenye mashimo, zaidi ya mita 600 chini, kwenye joto na unyevu. Walionusurika walisimulia wenzao waliojaribu kuogelea hadi nchi kavu. Kisiwa kilipoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2015 Japani iliahidi kuieleza historia hiyo. Mwaka 2021 kamati ya urithi wa dunia ilisikitika hadharani kwamba haijaelezwa vya kutosha. Mimi nimekulia jirani na mapango ya Shimoni, yanayosimuliwa kuwa walifungiwa watumwa, ambako wageni huonyeshwa pete za chuma ukutani kabla ya kuonyeshwa popo. Kwa hiyo nilipokuwa Takahama nilishusha darubini nikayatazama yale maji yenyewe kwa muda. Yanaonekana mafupi. Ukikumbuka mkondo na baridi, si mafupi.

Usiondoke kabla ya giza, ukiweza

Ziara yangu ya mwisho ilikuwa Januari. Mzee mmoja alikuwa anavua kwa mshipi ukutani, akaona darubini yangu, akasogea. Kijapani changu kilikuwa cha dukani na maabara. Alinyoosha kidole kisiwani, akasema “denki”, umeme, akafungua vidole vyote kumi, akavifunga, akavifungua tena. Nilichoelewa ni kwamba zamani, akiwa mtoto, usiku kule kulikuwa kunawaka mwanzo hadi mwisho. Zamu za mgodi zilikuwa mchana na usiku, madirisha hayakuwahi kuzimwa yote pamoja.

Ndiyo maana kisiwa kile hakikuhitaji mnara wa taa watu wakiwapo. Taa ya ule mnara mweupe niliokutajia iliwekwa kwa mara ya kwanza mwaka 1975, baada ya wote kuhama, kwa sababu sasa vyombo vya usiku vingeweza kugonga mji mzima bila kuuona. Kaa mpaka jua limeshuka na rangi imetoka mbinguni. Kisiwa kitapotea kwanza kushoto, kisha shule, kisha uti wa mgongo. Halafu juu ya hilo giza itawaka taa moja, itazimika, itawaka. Mzee alikuwa anakunja mshipi wake. Akanionyesha saa yake, akaashiria barabarani, nikakimbia. Basi lilikuwa tayari limewasha taa ya kugeuka.